Kuandaa mashindano ya midahalo chuoni, kuanzia barua ya kwanza hadi fainali

Kila muhula ukifunguliwa napokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, klabu yetu inataka kuandaa mashindano ya midahalo, vyuo kama kumi hivi. Tuanzie wapi?" Wa pili anauliza bajeti, wa tatu anaulizia majaji. Wa nne, ambaye mara nyingi mashindano yake ni wiki ijayo, anataka jina la programu ya kupanga timu. Nimechoka kuandika majibu yaleyale kwa kidole gumba, basi haya hapa yote kwa pamoja.

Mashindano ya kwanza niliyoyaratibu, fainali ilipangwa saa 9 alasiri ikaanza saa 4 usiku. Ukumbini walibaki wasemaji wanane, majaji, na mlinzi aliyesimama mlangoni na kufuli mkononi. Midahalo yenyewe ilikuwa mizuri tu. Kilichotumaliza ni saa na uhaba wa majaji, kwa hiyo usishangae ukiona nimeng'ang'ania hayo mawili na mengine nimeyapita mbio.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa Bunge la Uingereza, maarufu kama BP: timu nne katika chumba kimoja, wasemaji wawili kila timu, dakika saba kila msemaji. Timu mbili ziko upande wa serikali, mbili upinzani. Ndio mfumo wa mashindano ya dunia ya vyuo vikuu, yale yaliyofika Gaborone mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2019, hivyo wageni wako wengi wataujua. Mfano nitakaoutumia ni wa timu 24, raundi tano za awali, nusu fainali na fainali, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Miezi mitatu. Miwili inawezekana, ila utalala kidogo.
- Watu watano ambao wakikuambia "nitafanya" wanafanya: mratibu, mweka hazina, jaji mkuu wa mashindano, mtu wa malazi na chakula, na mtu wa tabu. Hiyo "tabu" ni ofisi ya kupanga timu na kujumlisha matokeo. Kwa Kiingereza ni "tab", sisi tumeongeza herufi moja na jina likakaa mahali pake.
- Vyumba sita vya semina, kimoja cha akiba, ukumbi mmoja, na chumba cha tabu chenye kufuli.
- Majaji 18.
- Wajitolea 15: watunza muda, matarishi wa kubeba fomu, wapokea wageni.
- Kompyuta mpakato mbili, printa, rimu mbili za karatasi, bando la kutosha na ekstensheni ndefu.

Mratibu na jaji mkuu wasiwe mtu mmoja. Nimeona watu wakijaribu. Saa 5 asubuhi unatafutwa na mama lishe anayedai malipo ya awali, na wakati huohuo majaji sita wanataka kujua kama timu iliyobadilisha mada inaruhusiwa. Mmoja wao atakosa jibu.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Anza na almanaka ya chuo chako, kisha omba za vyuo utakavyovialika. Kimbia wiki za majaribio na mitihani ya mwisho wa muhula. Angalia pia bumu linatoka lini, maana ada ya ushiriki hulipwa pesa za mkopo zikishaingia. Ukitangaza mwisho wa kulipa wiki moja kabla ya bumu, utapata timu tisa na ahadi kumi na tano.

Ramadhani inawezekana, lakini ratiba ya chakula na ya jioni inabadilika yote. Ijumaa usipange chochote saa 7 mchana. Kuna na Wasabato, ambao hawatashindana Jumamosi mpaka jua lizame. Waeleze ratiba mapema waamue wenyewe, kuliko mtu asafiri kutoka Mwanza halafu agundue ukumbini.

Hatua ya 2: Barua, vyumba na geti

Barua iende kwa mshauri wa wanafunzi kupitia kwa mlezi wa klabu, nakala kwa anayehusika na vyumba na kwa mkuu wa ulinzi. Taja tarehe, idadi ya wageni, vyumba kwa namba zake, na saa za kufungua na kufunga. Barua inayosema "tunaomba vyumba vichache" itakupa vyumba vichache kweli.

Ukishapata kibali, nenda ukavione vyumba kwa macho yako. Hesabu viti, jaribu taa na soketi. Simama nje ya mlango usikilize: chumba kilichopakana na uwanja wa mpira wa kikapu hakifai Jumamosi jioni.

Onyo kuhusu funguo: kibali cha vyumba na ufunguo wa vyumba ni vitu viwili tofauti. Mwaka wetu wa kwanza kibali tulikuwa nacho, kina muhuri na saini. Jumamosi asubuhi funguo zote zilikuwa kwenye mfuko wa koti la mhudumu, na koti lilikuwa kwake, kilomita kadhaa kutoka chuoni, yeye akiwa msibani. Chukua funguo Ijumaa mchana, zihesabu, zifunge kwenye pete moja yenye namba, na umkabidhi mjitolea mmoja.

Walinzi nao wape orodha ya wageni na namba za magari, zamu ya mchana na ya usiku. Coaster moja ya wageni wetu ilizuiwa getini dakika arobaini kwa sababu orodha iliondoka na mlinzi wa mchana.

Hatua ya 3: Bajeti

Hesabu vichwa kwanza. Wasemaji 48, majaji 18, wajitolea 15: jumla 81. Chakula cha mchana siku mbili ni sahani 162. Tuseme sahani ni Sh 4,000, hiyo tayari ni Sh 648,000, na bado hujagusa chai, maji, karatasi, vyeti, malazi wala nauli za majaji wa kujitegemea. Fanya hesabu hii kabla hujapanga ada ya ushiriki. Wengi huiga ada ya chuo jirani, wakisahau kwamba jirani alikuwa na mfadhili.

Fedha za mfadhili usizitumie mpaka ziingie. Ahadi ya mdomo iandike pembeni kwa penseli. Malipo yote yapite kwenye namba moja ya mweka hazina au lipa namba ya klabu, na kila timu ipewe risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono. Vikombe na fulana vije mwisho. Sijawahi kuona mtu akilalamikia kikombe kidogo, ila wali uliochelewa nimeusikia mpaka leo.

Kwa mama lishe, andikianeni: idadi, saa ya chakula kufika (weka nusu saa kabla ya saa yenyewe), na malipo ya awali. Toa kuponi. Weka mistari miwili ya kupakulia, maana mstari mmoja wa watu 81 unakula muda wa raundi nzima. Uliza mapema wasiokula nyama.

Hatua ya 4: Usajili

Fomu iulize: majina ya wasemaji, majina ya majaji, wanalala au hawalali, chakula, mahitaji ya wenye ulemavu, na mtu gani wasipangwe naye chumba kimoja na kwa sababu gani (hii isomwe na mtu wa tabu na jaji mkuu tu). Vyumba vya malazi vya wasichana viwe na matroni anayejulikana, na namba yake igawiwe siku ya kwanza. Kama ni hosteli za chuo, ulizia vyandarua na maji.

Idadi ya timu lazima igawanyike kwa nne. Zikija 23 unahitaji timu ya kujazia, wanafunzi wawili wa chuo chako wanaoshindana bila kuhesabiwa kwenye kufuzu. Waandae mapema na waambie wazi kuwa hawatafuzu hata wakishinda raundi zote, maana watashinda mbili halafu waanze kuulizauliza.

Hatua ya 5: Majaji

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako. Kila chumba kinahitaji jaji kiongozi na wasaidizi wawili. Vyumba sita, majaji 18. Utaratibu uliozoeleka ni chuo kuleta majaji kwa idadi ya timu zake ukitoa moja: timu tatu, majaji wawili. Sasa piga hesabu. Vyuo 12 vyenye timu mbilimbili vitakuletea majaji 12, na sita waliobaki ni mzigo wako. Watafute kwa waliomaliza chuo, mawakili vijana, walimu waliowahi kushindana. Walipie nauli na malazi bila kuwaomba waje "kwa moyo".

Utapelekewa pia majaji wa jina tu: rafiki wa timu aliyepanda basi kuona mji. Njia ya kuwagundua ni jaribio. Ijumaa jioni weka mdahalo wa maonyesho, wote wausikilize, kila jaji aandike nafasi ya kwanza hadi ya nne na sababu zake kwa sentensi chache. Anayeandika "timu hii ilikuwa na kujiamini" mweke msaidizi. Anayeandika "upinzani wa kwanza walionyesha kuwa marufuku haitatekelezeka, serikali hawakujibu" huyo anaweza kuongoza chumba.

Jaji hasikilizi chuo chake, mpenzi wake, wala aliyekuwa mpenzi wake. Usicheke, hilo la mwisho ndilo huleta malalamiko ya saa 6 usiku.

Hatua ya 6: Mada

Unahitaji saba, moja kwa kila raundi, na mbili za akiba. Zitungwe na jaji mkuu na wasaidizi wawili kutoka vyuo tofauti.

Chukua hii: "Bunge hili linaamini rushwa inarudisha nyuma maendeleo." Upinzani wasimame waseme nini? Sasa igeuze: "Bunge hili litampa kinga ya mashtaka mtoa rushwa anayemtaja aliyeipokea." Hapo kuna vita. Serikali watasema wapokeaji wataogopa kila bahasha. Upinzani watauliza nini kitamzuia tajiri kutoa rushwa, kupata alichotaka, halafu kwenda kutubu polisi. Rushwa ni ileile, ila sasa pande zote mbili zina pa kushika.

Kila mada ipime hivi: kaa dakika tano uandike hoja tatu za serikali na tatu za upinzani. Ukikwama upande mmoja, itupe. Kisha jiulize timu za pili za kila upande, zinazosema mwishoni, zitabakiwa na nini kipya. Mada ya kupiga marufuku bodaboda katikati ya jiji inabeba watu wengi: abiria, dereva, anayeimiliki pikipiki, muuguzi wa wodi ya mifupa. Mada inayodai ujuzi wa soko la hatifungani hailipi, labda uiwekee maelezo mafupi ya kusomwa na wote.

Onyo: mada zisipite kwenye kundi la WhatsApp, wala zisichapishwe nje. Tulizipeleka za kwetu kwenye steshenari iliyo mbele ya geti, na faili likabaki kwenye kompyuta ya duka likiwa na jina "MADA MWISHO KABISA". Aliyeliona ni msemaji wa chuo kingine aliyekwenda kutoa kopi ya kitambulisho. Kwa bahati alituambia. Tulitunga mada saba upya usiku huo tukiwa na thermosi moja ya kahawa.

Mkiendesha kwa Kiswahili, msijisumbue kubuni maneno. Swali la kumkatiza msemaji tayari Bunge la Dodoma limeshalipa jina: unasimama na kusema "Taarifa!" Huruhusiwi dakika ya kwanza wala ya saba, na usizidishe sekunde 15.

Hatua ya 7: Ratiba

Raundi moja ni saa mbili. Usikubali mtu akuambie inakwenda kwa saa moja na nusu. Maandalizi ya mada ni dakika 15. Hotuba nane za dakika saba ni 56, ukiongeza kupanda na kushuka fanya 65. Majaji kujadiliana, 20. Kueleza timu matokeo, 10. Hapo ni 110, na kumi zilizobaki ni za tabu kupanga raundi inayofuata.

Ijumaa: usajili kuanzia saa 10 jioni, maelekezo na mdahalo wa maonyesho saa 12:30.

Jumamosi: raundi ya 1 saa 2:30 asubuhi, ya 2 saa 4:30, chakula saa 6:30, ya 3 saa 7:45, ya 4 saa 9:45. Saa 11:45 jioni watu wako huru.

Jumapili: raundi ya 5 saa 4:30 asubuhi, waliokwenda misa ya kwanza wawe wamerudi. Chakula saa 6:30, kutangaza waliofuzu saa 7:15, nusu fainali saa 7:30, fainali saa 9:30 alasiri.

Kwa wageni wa nje, ratiba iandike kwa saa za namna zote mbili. Timu iliyoambiwa "saa 3" ikaja alasiri haina kosa.

Hatua ya 8: Tabu

Tumia Tabbycat. Msimbo wake uko wazi, inaendeshwa kwenye kivinjari, inaujua mfumo wa BP, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta yako ifanye kazi hata intaneti ikikatika. Wiki mbili kabla, fanya mashindano ya uongo: ingiza timu 24 zenye majina ya matunda, endesha raundi tatu, kosea makusudi, kisha rekebisha.

Raundi ya kwanza timu hupangwa kwa bahati nasibu. Kuanzia ya pili, zenye pointi sawa hukutana. Timu ya kwanza chumbani hupata pointi 3, ya pili 2, ya tatu 1, ya nne 0. Msemaji hupewa alama kati ya 50 na 100, na wa kawaida aelee karibu na 75.

Kila fomu ikaguliwe na macho ya watu wawili. Kosa linalojirudia ni hili: jaji ameandika timu A ya kwanza, B ya pili. Wasemaji wa A wana 76 na 75, jumla 151. Wa B wana 78 na 74, jumla 152. Haiwezekani. Jumla lazima zifuate nafasi, na zisilingane. Fomu irudi kwa jaji arekebishe alama mwenyewe, mtu wa tabu asiguse kalamu.

Hatua ya 9: Kuendesha raundi

1. Wote wakusanyike ukumbini. Onyesha mpangilio wa vyumba ukutani, uusome kwa sauti mara moja, kisha utume kwenye kundi.
2. Tangaza mada mara mbili. Saa ya dakika 15 inaanza hapo, wala haimsubiri aliyekwenda chooni.
3. Mtunza muda agonge meza mara moja dakika ya kwanza na ya sita, mara mbili ya saba, na kwa sekunde 15 za ziada agonge mfululizo.
4. Hotuba zikiisha timu zitoke nje, majaji wajadiliane. Dakika ya 15 tarishi abishe hodi, ya 20 wapige kura.
5. Fomu iende tabu kwanza, ndipo jaji kiongozi aite timu na kueleza matokeo. Ukigeuza mpangilio huu unapoteza robo saa kila raundi, na kwa raundi tano umepoteza zaidi ya saa nzima.

Raundi ya 5 ni ya kimya: matokeo hayatajwi, ili kutangaza waliofuzu kuwe na utamu wake.

Hatua ya 10: Mchujo

Timu nane za juu zinaingia nusu fainali kwenye vyumba viwili. Kila chumba kinapeleka timu mbili fainali. Majaji wawe kwa idadi ya witiri, watano ukiwapata. Mgeni rasmi apewe dakika tano na aambiwe hivyo kwenye barua yake, kwa maandishi. Wakati majaji wa fainali wanajadiliana, gawa vyeti na tangaza wasemaji bora.

Mambo yakikwama

*Timu haijatokea asubuhi.* Subiri dakika tano tu baada ya muda wa kutangaza mada. Ingiza timu ya kujazia. Kwa hiyo iweke tayari kila siku, hata kama idadi imekamilika.

*Umeme umekatika.* Chapisha fomu za karatasi za raundi zote tangu Ijumaa. Baada ya kila raundi hifadhi nakala ya matokeo kwenye flashi.

*Raundi zimechelewa saa moja na nusu.* Futa raundi nzima ya awali. Amua kabla raundi ya 4 haijaanza, ili hiyo ndiyo iwe ya kimya. Usifupishe mjadala wa majaji, na chakula usikiguse.

*Timu mbili zina pointi sawa kwenye mstari wa kufuzu.* Inapita yenye jumla kubwa ya alama za wasemaji. Kanuni hii isomwe Ijumaa, kabla haijajulikana itamnufaisha nani.

*Timu inapinga matokeo.* Uamuzi wa majaji haubadiliki. Kama kosa ni la kuingiza alama, litarekebishwa kabla raundi inayofuata haijapangwa.

*Kuna lalamiko la matusi au unyanyasaji.* Wawepo watu wawili wa kupokea malalamiko, waliotangazwa tangu Ijumaa, mwanamke na mwanamume, wasiokuwa majaji. Wasikilize faraghani, waandike, wampe mlalamikaji jibu siku ileile. Mshitakiwa na mlalamikaji wasipangwe tena chumba kimoja.

*Jaji ametoweka.* Chumba kinaweza kwenda na majaji wawili, jaji kiongozi akiwa na kura ya kuamua. Kiongozi ndiye ametoweka? Mpandishe msaidizi aliyefaulu jaribio la Ijumaa.

*Mfadhili ameingia mitini.* Kata fulana, kisha vikombe, kisha picha. Nauli za majaji zilipwe hata kwa kukopa.

*Ufunguo haupo.* Uwe na namba ya mhudumu, ya msimamizi wake, na ya fundi wa kufuli wa mtaani. Mwaka wa pili nilimpigia fundi saa 12:40 asubuhi, akaja na bodaboda, na raundi ya kwanza ikaanza saa 2:34.